Mchungwa Uliofuliwa

Mtaa mzima ulimwita Fundi, kwa heshima ile anayopewa mtu aliyekutengenezea redio ikaanza kutoa moshi. Karakana yake ilishafungwa. Sasa aliishi kwa dada yake mkubwa, chumba cha nyuma, chenye kitanda, mizoga ya feni na dirisha moja. Dirisha lilitazama mchungwa. Baba yao aliupanda kwa mkono wake, na katika ua mzima ndicho kitu pekee ambacho Fundi angeweza kukiita "chetu" bila dada mtu kumkata jicho.

Vidukari vikauvamia. Vilijaa chini ya majani vikifyonza na kujisaidia bila aibu, na kilichotoka kilikuwa maji ya kunata yaliyodondokea gari jipya la dada.

"Mdogo wangu," dada akasema asubuhi, akikwangua kioo cha gari kwa kucha, "mkata miti anakuja kesho. Nimeshaongea naye."

"Dada, nipe leo tu. Nitaupulizia dawa."

"Utapulizia na nini? Mdomo?"

Lilikuwa swali la haki. Bomba la kupulizia la marehemu baba liliazimwa na jirani, likarudi bila mpini. Dada alipoondoka kwenda kazini, Fundi akachemsha majani ya mwarobaini, akachanganya na sabuni, akaanza na ile chupa ya kunyunyizia nguo za kupiga pasi. Alipuliza mpaka kidole kikafa ganzi, na dawa ikaishia kwenye kiuno cha mti. Vidukari vya juu havikupata hata habari. Akachukua dumu la mafuta ya kupikia, akalifungia pampu ya baiskeli. Dumu likavimba, likavimba, kama mtu anayezuia kicheko msibani, kisha likamcheka usoni.

Hapo ndipo macho yake yalipopanda mpaka kwenye paa la zege, pale wanapoanika nguo, yakatua kwenye mashine ya kufulia. Ilikaa ukingoni kabisa, juu ya mchungwa. Ina pampu ya kutapika maji machafu. Ukiufunga mpira wake kwenye bomba la mvua la bafuni, lile la matundu madogo, ukaliteremsha mpaka kileleni, mti mzima unaoga dawa. Wazo lilimpendeza kiasi kwamba hakulihoji.

Angelihoji, angekumbuka kwamba mashine hiyo aliitengeneza yeye mwenyewe. Aliifufua kwa kipande alichong'oa kwenye mashine nyingine, na tangu siku hiyo ilijua kazi moja tu: mapazia mazito, mwanzo mpaka mwisho. Ukiiwasha, mfuniko unajifunga. Ukichomoa waya na kuurudisha, inaendelea palepale ilipoishia, kama mgomvi aliyekwenda kunywa maji.

Mume wa dada, mstaafu aliyekuwa akitafuta shughuli tangu siku ya kuagwa, alikubali kusimamia juu. Fundi akamimina ndoo zote za dawa ndani ya mashine, akalifunga bomba la mvua kwenye tawi la juu kwa waya, akashuka kutazama.

"Shemeji, washa!"

Mashine ilitikisa dawa kwa muda mrefu. Mapazia mazito hayataki haraka. Kisha ikatapika. Maji yakatoka ya bluu.

"Shemeji! Mbona bluu?"

"Si suruali yangu ya kazi tu! Nimeona sabuni nzuri hivi itapotea bure!"

Bluu au si bluu, dawa ilikuwa dawa. Ilienea kila tawi, ikapenya mpaka chini ya majani kwa kuruka na kudunda, na Fundi akasimama chini yake mdomo wazi, analowa, anacheka peke yake. Mti utapona. Dada atauona.

Ndipo akasikia maji mapya yakiingia kwenye mashine. Cheko likamkauka. Baada ya kufua, mapazia husuuzwa.

"Shemeji, chomoa waya!"

"Nimechomoa!"

"Afadhali!"

"Nimerudisha! Suruali yangu imo ndani!"

"Basi ng'oa ule mpira!"

"Na mgongo huu?"

Fundi akapanda ngazi mbilimbili. Alipofika, pampu ilikuwa tayari inaunguruma. Shemeji alikuwa ameiziba soketi kwa mgongo, akiilinda suruali yake. Fundi akauvuta mpira, haukutoka. Aliufunga kwa ustadi ambao hakuna mteja wake aliyewahi kuuonja. Maji safi yakaumwagikia mchungwa, yakaiondoa dawa jani kwa jani, yakateremka nayo mpaka mtaroni. Mashine ikajaza tena, ikasuuza tena. Fundi akakaa juu ya mfuniko kwa uzito wake wote, na mashine ikamtikisa kama mtoto anayebembelezwa.

Geti likafunguka. Dada akaingia, na nyuma yake mtu mwenye msumeno na ngazi.

"Amepata nafasi leo," dada akasema, akitazama juu. "Wewe unafanya nini huko?"

"Namalizia, dada. Nipe kesho tu."

"Dawa ipo?"

Fundi akatazama ndoo tupu. Dada akauwekea mchungwa kiganja, akakiondoa, kimelowa maji matupu.

"Usidhani mimi ni jiwe. Mimi ndiye niliyekuwa nikimchotea baba maji ya kuumwagilia," akasema taratibu. "Lakini kila siku kesho, mdogo wangu? Kila siku?"

Mkata miti akaegemeza ngazi, akaitikisa, hakuridhika.

"Nani atanishikia?"

Shemeji akashika mgongo wake. Dada akashika mkoba wake. Fundi akashuka, akaishika ngazi kwa mikono miwili.

Tawi la kwanza likaanguka likiwa bichi, linadondosha maji. Chini ya majani yake vidukari vilikuwa vinang'aa kwa usafi, vingine vikitembea.

"Mzee, sogeza kushoto kidogo," sauti ikatoka juu.

Fundi akasogeza.