Aliyemwita Mumewe Kula

Mama mmoja fundi cherehani alikuwa na ugomvi mmoja tu na mumewe: kompyuta. Mzee akitoka kazini, hana habari na mtu. Anaandika vipande vya lugha ya kuziamuru kompyuta, lugha isiyo na mwenyewe, inayotunzwa na watu wa kujitolea na shirika dogo lisilotafuta faida. Malipo yake ni ahsante. Mashemeji walicheka mpaka wakashika mbavu.

Mwaka huu mama akachoka. "Nakwenda na wewe kwenye huo mkutano wenu wa kila mwaka, wa hao watu wa kujitolea. Nisipoona cha maana, hiyo kompyuta inatoka sebuleni. Naweka meza ya kukatia vitambaa."

Mzee alijua mkewe hatishii nyau.

Ukumbini mama alikaa nyuma, mkoba mapajani, uso kaukunja. Mwenyekiti wa shirika, dada mmoja mwenye sauti ya kiualimu, akaonyesha ukutani kipande alichokiandika mzee, cha kuhesabu tarehe. Akasema zahanati nyingi hukitumia kupanga siku za chanjo za watoto. Mama akashtuka. Hata tarehe za kadi ya chanjo ya mjukuu wake hupangwa kwa kompyuta.

Ghafla ukumbi mzima ukacheka. Katikati ya mistari ile palikuwa na maneno ya kawaida kabisa: "Hapa bado. Nitamalizia nikirudi, mke wangu ananiita kula."

"Miaka yote hii hakuna aliyeyafuta," mwenyekiti alisema. "Kwetu, mtu akisema anarudi, tunamwachia nafasi yake. Mama mwenyewe yupo?"

Mama akasimama. Watu wakageuka. Kwenye skrini, nyuso za walio mbali, wengine kwao ndiyo kwanza kunakucha, zikampungia mikono. Wote hawa walimjua! Sauti yake ya jikoni ilikuwa imefika kote huko, naye akidhani haivuki ukuta wa jirani. Machozi yakamlengalenga.

"Kwani hajarudi kumalizia?" aliuliza.

"Bado, mama."

Akamgeukia mumewe. "Kumbe mimi ndiye niliyekukatiza?"

"Chakula kilikuwa kitamu," mzee alinong'ona. "Nikapitiwa na usingizi. Kesho yake nikasahau."

Watu wakaangua kicheko tena. Mama hakucheka. Alimtazama mtu wake huyo mwenye shati alilomshonea mwenyewe, akaona hajawahi kumtazama vizuri.

"Leo tukifika, kaa umalizie," alisema. "Sikuiti. Chakula nitakuletea hapohapo kwenye kompyuta."