Nilianika kadi zangu za Kijapani kwenye kamba ya nguo, ploti nzima ikaniitia kikao

Wakuu, salamu kwenu nyote mlio kazini mkijifanya mko busy. Hii imenipata mimi mwenyewe, hapa Dandora, na sijaongeza chumvi. Aibu ndiyo nimepunguza kidogo.

Mimi hushona viatu vya akala, vile vya matairi, pale soko la Kariokor, na jioni nasoma Kijapani. Nimeahidiwa nafasi ya kwenda Japan kujifunza kazi ya kutunza wazee, lakini lazima kwanza nipite mtihani wa N3, ngazi ya kati ya Kijapani. Nilikuwa nimeanguka mara mbili. Wenye nafasi waliniambia wazi kwamba nikianguka ya tatu, wanampa mtu mwingine.

Kilichokuwa kinaniangusha ni maneno yanayofanana.

Mnaosoma hii lugha mnajua. Mwanzo ni raha. Unajifunza kusalimia na kuagiza chai, unajiona umefika. Ukiingia intermediate unakutana na -sou, rashii na hazu. Ukiuliza kamusi, zote tatu ni kitu kama "inakaa", yaani inaelekea. Inakaa mvua itanyesha, inakaa mvua itanyesha, inakaa mvua itanyesha. Sasa chagua jibu moja.

Mwalimu alitueleza vizuri tu. -Sou ni vile unavyoona kwa macho yako, wingu jeusi lile pale. Rashii ni habari uliyoitoa kwingine. Hazu ni hesabu: una sababu zako, kwa hivyo unatarajia iwe hivyo. Nikielezwa naelewa. Nikipewa karatasi, kichwa kinabaki cheupe.

Basi nikapata akili. Nikaanza kutumia majirani.

Ploti yetu ni vyumba vinane, ua mmoja, mfereji mmoja wa maji na kamba moja ya nguo. Mama Mwende, tunayepakana naye ukuta, akikutazama tu anajua umefutwa kazi, una homa, au umeoa kisiri. Huyo nikamfanya -sou. Bi Rukia ana duka hapo getini. Hatoki kwenda kuona chochote, lakini anajua kila kitu kwa sababu wateja humletea. Rashii. Kioko ni dereva wa lori na ni mtu wa sababu. Atakueleza kwa nini timu yake lazima ishinde leo, sababu moja mpaka kumi, na haishindi. Hazu kabisa.

Nikaandika kadi. Jina la mtu, tabia yake, halafu mfano wa sentensi. Msiniulize kwa nini tabia niliandika kwa Kiswahili, tena kwa herufi kubwa.

Zikaanza kuingia kichwani, wakuu. Kwa mara ya kwanza.

Jumamosi moja, wiki mbili kabla ya exam, nilikuwa naosha viatu pale mferejini kadi zikiwa kando. Ndoo ikapinduka. Zikalowa zote, na mimi nilikuwa nimechelewa Kariokor. Nikafanya kile mtu wa ploti hufanya na kitu kilicholowa. Nikachukua vibanio, nikazianika kwenye kamba, nikaenda zangu.

Kwa wale wanaoishi kwa nyumba za lifti, wacha niwaeleze. Kamba ya ploti husomwa. Ukianika shuka mpya, watu wanajua. Suruali ya mwanamume ikionekana kati ya nguo za dada anayeishi peke yake, hiyo ni mada ya wiki nzima. Mimi nimezaliwa kwa ploti, haya yote nayajua, na bado nilianika.

Kurudi saa kumi jioni, kamba iko tupu. Chini yake stuli zimepangwa, na kadi zangu ziko mapajani mwa Mama Mwende. Bi Rukia alikuwa amefunga duka. Bi Rukia hafungi duka hata akiwa mgonjwa.

Kioko ndiye alianza.

"Buda, 'KIOKO ANA SABABU ZOTE, UKWELI HANA.' Hii ni nini umeniandikia mbele ya watu?"

Ikasomwa ya Bi Rukia: hajaona kitu, ameambiwa. Ikasomwa ya Mama Mwende: anaangalia tu, hajui. Nikasema ni masomo. Bi Rukia akauliza ni shule gani hiyo inayofundisha kusengenya. Uamuzi ukatolewa kwamba kadi hazirudi mpaka nieleze kila moja na wenyewe waridhike.

Nikafundisha Kijapani pale uani mpaka koo likakauka. Hawakukubali. Mama Mwende akasema yeye pia ana sababu. Kioko akasema yeye pia huona. Kila mtu akataka kuhamia kadi ya mwenzake.

Nikaona niwajaribu kwa swali moja tu. Kesho maji yatakuja?

Mama Mwende akageuka, akautazama mfereji, akasema yatakuja, si unaona unavyopumua. Bi Rukia akasema yatakuja, mteja wa ploti ya nyuma amemwambia. Kioko akasema lazima yaje, kwa sababu juzi ilikuwa zamu ya upande wa pili, jana yalikatwa, kwa hivyo kesho ni sisi, na akaanza kuhesabu kwa vidole.

Bi Rukia akacheka mpaka akashika ukuta. Kioko alikuwa bado anahesabu.

Maji hayakuja, by the way.

Nilidhani yameisha. Lakini Mama Mwende hakuwa anacheka. Akanirudishia kadi, akasema polepole:

"Mutua, mwaka mzima ukianza kusoma, mimi huzima redio yangu. Hiyo uliiandika kwa kadi gani?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawa moto. Mwaka mzima nilifikiri ukuta wetu ni mnene.

Kuna kundi lingine lililokuwa linanichanganya: ageru, morau na kureru. Yote ni ya kutendeana, na mimi sikuwa najua nani amemtendea nani. Kureru ni pale mtu anapokutendea jambo kwa wema wake. Sikuwa nimepata jirani wa kuweka hapo. Jioni ile nikaandika kadi mpya: Mama Mwende ga rajio o keshite kureta. Mama Mwende alinizimia redio. Sijaikosea tena.

Wiki zile mbili ploti ilinishika kama mtoto wa darasa la nane. Kioko hakunipisha getini bila sentensi ya hazu. Bi Rukia hakuniuzia mkate bila rashii. Kwenye exam, swali la -sou lilipokuja nilicheka kwa sauti, msimamizi akanionya.

Wakuu, nimepita.

Nilikimbia kwa Mama Mwende kabla hata ya kumpigia mama yangu. Nikampa ile kadi, nikamsomea na kumweleza maana yake. Akaipokea, akafuta macho kwa leso.

"Kwa hivyo sasa naweza kuiwasha?"

Nikamwambia ndiyo, mama.

Funzo nililopata ni kwamba kabla hujamwandika jirani kwa tabia yake, jiulize anakufanyia nini usichokijua. Na notes zianikwe ndani ya nyumba. Walio N2 humu, nishaurini, maana nasikia huko mbele maneno yanayofanana ni mengi kuliko majirani nilio nao. Tafadhali jibuni kwa herufi kubwa. Redio imewashwa tangu alfajiri na hapa sisikii kitu.