Kaburi Lisilosomeka

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo masikio yangu yameitunza kuliko macho: ko, halafu kimya. Ilikuwa sauti ya chungu kupasuka chini ya chuma. Haikuwa sauti kubwa. Sahani ikianguka jikoni kwa mama yako inapiga kelele kuliko hiyo. Lakini mashine iliyokuwa inanguruma tangu asubuhi ilizimwa, na sisi wote tukageuka kutazama.

Utauliza mi ni nani wa kukuita mwanangu, mi ambaye sina hata unywele mmoja mweupe. Sawa. Lakini mtoto wa dada yangu ni mtoto wangu, na juzi nilikukuta pale nyumbani kwenu Dilala mbele ya kioo, umevaa ile jile, kizibao cha kazi cha rangi ya machungwa chenye mistari inayong'aa, kalamu ya biki mkononi, unajisemesha Kiingereza. Ulipendeza, sikatai. Ukaniambia kampuni imekupa kazi ya kuandika vitu vya watu katika kijiji kinachohamishwa. Nikakupongeza, nikapanda taxi-moto, na njia nzima nilikuwa na hasira hata dereva akaniuliza kama ameniudhi. Si yeye, wala si wewe. Kaa sasa nikueleze.

Jile kama hiyo niliivaa mi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shule nilikuwa nimeiacha njiani, lakini Kiingereza nilikuwa nimekiokota kwa kitabu chakavu na redio, kwa ajili ya ndoto zangu tu: siku moja nitapanda ndege, nitaona nchi za watu. Kampuni iliyotaka kupanua shimo lake la madini upande wa kijiji cha nkambo, mama mzazi wa babu yako, ilitafuta mtu wa kutafsiri anayejulikana pale. Nikachukuliwa. Nkambo alifurahi kuliko mi. Aliwaambia wanawake wenzake mtoni, "Sasa hatuogope kitu. Biki iko mu mukono ya mujukuu yangu."

Pale kazini kulikuwa na Mwingereza mmoja, mtu wa kupima maji, tulimwita Musyu Toni. Mtu mpole, mwenye masikio mekundu. Wakati wa chakula alinionyesha kijiji chake katika simu. Mwanangu, nilikipenda kijiji kile kama mtu anavyompenda mchumba. Nyumba za mawe zimebanana, maua yamepanda ukutani mpaka dirishani. Kijito chenye daraja dogo ambalo hata gari moja linapita kwa kubana mbavu. Kondoo mlimani. Mvua nyembamba, isiyo na haraka, si kama yetu inayokuja kugombana na mabati. Na katikati kanisa, na kuzunguka kanisa, majani marefu na mawe yaliyoinama huku na huku.

"Mawe hayo ni ya nini?" nikamuuliza.

Akasema ni makaburi. Bibi yake yuko pale, na wazee wa bibi yake, na wengine ambao hakuna tena anayejua ni nani, maana mvua imekula maandishi. Akacheka, akanisimulia kwamba zamani serikali ilitaka kunyoosha barabara ipite pale. Kijiji kizima kikakataa. Mpaka leo barabara ikifika kanisani inapinda kama mtu aliyekumbuka kitu, na madereva wa mabasi wanatukana kila siku. Alisema hivyo kwa fahari, na mi nikapeleka fahari yake nyumbani kama yangu. Jioni nilimwonyesha nkambo kwa mikono jinsi barabara inavyopinda. Alisikiliza, akasema tu, "Ni batu bazuri."

Sasa sikiliza kosa langu.

Karatasi niliyopewa ya kuandikia makaburi ilisema: kaburi lenye alama inayoonekana. Ndiyo hayo maneno. Kaburi likiandikwa, kampuni inatengeneza jeneza, inaita padri au mchungaji, inahamisha mifupa kwa heshima mpaka makaburi mapya. Lisipoandikwa, si kaburi. Ni udongo.

Pale kwa nkambo, mtu mkubwa aliyezikwa siku hizi ana msalaba, hata sima, yaani saruji. Lakini watoto wachanga na watu wa zamani wana chungu. Kinapinduliwa na kuwekwa juu ya kichwa cha kaburi, na matako yake yametobolewa tundu, ili kila mtu ajue hicho si cha kupikia, asikiguse. Hata mtoto wa miaka mitano wa kijiji kile anajua. Mi nilijua zaidi ya wote, maana chini ya chungu kimoja kidogo, kando ya njia ya kwenda shamba la mihogo, alilala Mujinga, binti wa nkambo, aliyekufa hajaota meno. Jina lake ndilo nililopewa mi.

Siku ya kuandika, nkambo alikuwa shambani. Hakuona haja ya kuja. Nilizunguka na mkubwa wangu wa kazi, Tata Feli, mtu wa mjini Kolwezi, mcheshi, anayejua kuvaa. Tulipofika kwenye vyungu nikasimama.

"Tata, hizi pia ni kaburi."

"Iko na musalaba?"

"Hapana. Iko na tundu ku chini. Njo alama yake."

"Mujinga, karatasi inasema alama yenye kuonekana. Mi naona kyungu ya kutoboka. Tukiandika kila kitu chenye kutoboka, basi tuandike na sufuria ya bibi yangu, na soksi zangu."

Tukacheka. Mwanangu, mi pia nilicheka. Nilikuwa na jile mpya, na Musyu Toni alikuwa amesema Kiingereza changu ni kizuri, na sikutaka kuonekana mshamba mbele ya mtu wa mjini. Biki ilikuwa mkononi mwangu. Mstari ulikuwa mtupu. Nikaufunga ukurasa, nikatia sahihi, Tata Feli akapiga muhuri.

Wiki chache baadaye ikaja ile mashine, na ile sauti.

Dereva aliteremka. Alikuwa kijana wa watu, uso umebadilika, akaokota kipande cha chungu akaona tundu. "Mama," akamwambia nkambo aliyekuwa anakuja mbio na jembe begani, "hapa kuko mutu?"

"Kuko mutoto yangu."

Dereva akamgeukia Tata Feli. Tata Feli akafunua karatasi zake, akapitisha kidole. "Haiko ku liste."

"Liste aliandika nani?" nkambo akauliza.

Wanawake waliokuja nyuma yake wote walijua. Hakuna aliyenitaja. Nilitamani wangenitaja, maana ilibidi niseme kwa mdomo wangu. "Ni mi, nkambo."

Hakunipigia kelele. Alisema tu, "Weye mwenye jina lake." Basi. Kisha akamwona Musyu Toni amesimama kando na vyombo vyake vya kupimia maji, akanishika mkono akanivuta mbele yake. "Sasa tafsiri. Tafsiri muzuri, usipunguze. Muulize: kule kwabo, ile mawe yenye mvua ilikula maandiko, yenye hakuna mutu anaweza kusoma, banaiita namna gani?"

Nikatafsiri. Wekundu wa masikio yake ukashuka mpaka shingoni. Alijibu polepole, kwa neno moja. Nikalirudisha kwa nkambo: "Makaburi."

"Aksanti," akasema nkambo. "Muambie aksanti. Kwabo yenye haisomeki ni kaburi, na barabara inapinda. Kwetu yenye haisomeki ni takataka, na kaburi njo inapinda. Muulize kama mutoto wa kwabo alikufa sana kuliko wa kwangu."

Hilo la mwisho sikuweza kulitafsiri. Lakini nadhani alilielewa, maana alivua kofia.

Hapa hasira inanipanda mpaka leo, na simwachi mtu. Musyu Toni aliondoka kupiga simu ofisini, na ofisi ikamjibu kwamba karatasi imesainiwa na mtu wa kijiji mwenyewe. Mtu wa kijiji mwenyewe! Kumbe ndiyo sababu walinitafuta. Hawakuhitaji Kiingereza changu, walihitaji ukoo wangu chini ya ukurasa. Mtu mpole alivua kofia, akapiga simu, akaambiwa hapana, akaivaa tena. Upole wake nilikuwa nimeupenda, lakini haukusogeza mashine hata hatua moja. Walichotupatia ni muda wa mpaka alasiri.

Wanawake walichimba kwa majembe. Hawakupata mfupa, mtoto mchanga haachi mfupa. Walipata udongo mweusi kuliko mwingine. Nkambo akaukusanya kwa viganja, akaufunga katika kitenge alichokuwa amevaa, akarudi kijijini na sketi ya ndani. Wenye sima walihamishwa kwa jeneza na maombi. Mwenye jina langu alihamia makaburi mapya mgongoni mwa mama yake, kama alivyobebwa akiwa hai.

Basi nasema nawe. Sikukatazi kazi. Nenda, ule mshahara wako, vaa jile yako. Lakini wakikupa karatasi, usianze kuandika. Kwanza isome kwa sauti mbele ya bibi mzee kuliko wote wa kijiji kile, neno kwa neno, umwulize kila neno lina maana gani pale kwao. Akisema neno moja halitoshi, weka biki chini, hata mkubwa wako akicheka. Hasa akicheka. Mshahara utaisha mwezi uleule, lakini sahihi yako itakaa kwenye karatasi ile siku zote.

Na vijiji vya watu vipende. Mi bado nakipenda kile cha Musyu Toni. Ningali naota kwamba nitafika, nitasimama pale barabara inapopinda, nicheke na madereva wanaotukana. Ila ukikipenda kijiji cha wengine, angalia wanavyowatunza watu wao, kisha udai hivyo hivyo kwa wako, bila kuinamisha kichwa. Usilete nyumbani maua tu.

Mungu aupe mkono wako uzito pale unapotakiwa kukataa. Akupe masikio ya kusikia wanaosema polepole. Wanawake wa vijiji utakavyopita wakutaje kwa wema ukiwa haupo, na ndoto zako zisikugharimu mtu wa kwenu.

Asubuhi hii, kabla ya kukaa kukuandikia barua hii, nilikwenda mwenyewe mpaka makaburi mapya. Miaka yote hii nilikuwa napita tu, na haraka zangu. Kile kilima kidogo alichotengeneza nkambo juu ya udongo wa mtoto wake hakina kitu, nyasi tu. Nilivua viatu, nikachuchumaa, nikapiga makofi ya polepole kama wanavyowasalimia wakubwa kule kijijini, salamu niliyokuwa naionea haya mbele ya watu wa mjini. Hakukuwa na mtu. Nikamwambia jina langu, na nikamwambia nani aliyeiandika ile liste.