Sauti ya Kusomea

Nina sauti mbili, na moja inanitia kinyaa. Ya kwanza ndiyo ninayonunulia mkate na kugombania nauli na mwenye boti. Ya pili huivaa msikitini, hapa mjini Lamu, ambao kwetu huitwa Amu, nikishakabidhiwa kipaza sauti. Hiyo hutokea puani, hutetemeka kabla hata ya aya kufika, na inajua ipasuke wapi ili wazee watoe vitambaa. Watu huniambia nina moyo laini. Moyo gani? Wakati huo mimi natazama nani analia.

Mwaka jana mama yangu alizidiwa. Alikuwa kwetu Siyu, akiuguzwa na dada yangu katika chumba kilekile alichofundishia chuo cha Kurani. Nusu ya watoto wa Siyu walijifunza alifu mbele ya kijiti chake cha ukuti, mimi nikiwa miongoni mwao. Ukifanya mzaha, kijiti kilipiga mkeka. Ukikwama kwa kweli, alikutamkia neno linalofuata, kisha akakungoja.

Dada akanipigia simu. "Njoo upesi. Anataka umsomee Yasin wewe, hataki mwengine."

Maji yalikuwa yamepwa, nikafika na matope hadi magotini. Nikatia udhu, nikakaa kando ya kitanda, nikafungua kinywa. Akatoka yule wa kipaza sauti. Tulikuwa watatu tu chumbani, na mimi natetemesha koo kama niliyejaziwa uwanja.

Mama akajivutia leso usoni. "Ni nani huyo asomaye?"

"Ni mwanao, mama," dada akasema. "Amefika kutoka Amu."

"Siye. Mwanangu yungali ndiani."

Kwetu njia ni ndia. Alikuwa akisema sijafika, bado niko safarini. Dada alidhani ni homa inayosema. Mimi nilijua si homa.

Nikaanza upya, polepole, bila mapambo. Hapo ndipo nilipojichukia zaidi, maana nilijisikia nikiipenda ile sauti isiyo na mapambo. Nikawaza, hivi ndivyo asomavyo mcha Mungu wa kweli. Kumbe nimevua kanzu moja na chini yake nimevaa nyingine. Nikazidi kujisikiliza mpaka aya ikanitoka kabisa.

"Subiri, mama, imenipotea," nikasema, kwa sauti ya mtoto anayeogopa kijiti.

Leso ikashuka. Midomo yake ilikuwa imekauka, lakini neno lilitoka safi, lile linalofuata, basi. Kisha akaningoja. Nikalishika nikasoma hadi mwisho, na sikumbuki nilisoma kwa sauti gani. Akanishika mkono.

"Umefika," akasema.

Hakumaliza wiki.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu. Siku ya hitima watu walijaa barazani hadi nje, na kwa kuwa mimi ni mtoto wa marehemu, wakaniachia Yasin niisome peke yangu. Nilisoma vizuri, bila kutetemesha. Kisha nikaiona ile aya inakuja. Naijua, naweza kuisoma nikiwa usingizini. Nikakwama palepale, makusudi, nikainamisha kichwa. Mzee mmoja akanitamkia neno alilonitamkia mama, na baraza zima likaangua kilio. Na mimi, chini ya kofia, nikawa natazama nani analia.

Hata sasa nikikumbuka, mate yanakuwa machungu kinywani.

Dada alikuwa ndani na wanawake, nyuma ya pazia, akisikia kila kitu. Aliniletea sahani ya pilau mwenyewe, baada ya watu kupungua. Hakuiweka chini mara moja.

"Umekwama palepale," akasema.

"Nililemewa, dada yangu," nikamjibu, na maneno yakanitokea puani.

Akaweka sahani, akajivutia leso usoni, akarudi ndani.