Tatu Nukta Nne

Mjukuu wangu alipomaliza diploma yake ya afya ya mifugo, mtu wa kwanza kumpigia hesabu ya GPA nilikuwa mimi, na niliipiga kwa punje za mahindi. Nasema mapema ili unayesoma ujue uko na mtu wa aina gani. Shule niliishia darasa la tatu. Mchungaji wetu wa ng'ombe alitoroka, baba akaja akanitoa darasani mchana kweupe, na tangu siku ile hesabu yangu ni ya zizini: wametoka wangapi, wamerudi wangapi, yupi hayupo. Nimezeeka nayo hapa Butiama na haikuwahi kunidanganya. Ilinidanganya mara hii moja.

Huyu mjukuu ni mtoto wa mwanangu aliyefariki. Mama yake aliolewa kwingine, mtoto akabaki kwetu, akalelewa na mke wangu. Jina alilopewa ni la huyo huyo bibi yake, kwa hiyo mimi nilikuwaga namwita mke wangu mdogo, naye ananijibu kwamba hawezi kuolewa na mume wa meno matatu. Yalikuwa manne, lakini sikubishana. Bibi yake alifariki mwaka huo huo wa mwisho wa masomo, mtoto akiwa Bunda kwenye mafunzo ya vitendo, ambayo wao wanayaita fildi. Tulimzika vizuri, padre alikuja, na ng'ombe alichinjwa.

Matokeo yakatoka. Jumatatu moja nilikuwa uani napukuchua mahindi, akaja na simu mkononi, anatembea kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa. Akasema serikali imetangaza ufadhili kwa wenye diploma za sayansi wanaotaka kwenda digrii. Inalipa ada, chakula, malazi, kila kitu. Wanataka GPA isiyopungua tatu nukta tano, na maombi yanafungwa Ijumaa saa kumi jioni.

Nikamwuliza GPA ndiyo nini. Akasema ni wastani. Kila somo lina alama: A ni tano, B plasi ni nne, B ni tatu, C ni mbili, unajumlisha unagawanya. Simu ikazima hapo hapo. Akaniachia karatasi ya matokeo, akaenda kuchaji simu kwa jirani mwenye sola.

Sasa mimi nina karatasi, na mbele yangu kuna mahindi. Masomo yalikuwa manane. Nikaweka punje tano kwa kila A, nne kwa kila B plasi, hivyo hivyo mpaka ile C moja iliyokuwa chini, nikaiwekea mbili. Zikawa punje thelathini. Nikazigawa upya mafungu manane sawasawa: kila fungu tatu, zikabaki sita. Nusu ya nane ni nne, na mimi ninazo sita. Tatu na nusu tumeivuka, tena kwa mbali. Nikarudia. Zikatoka vile vile.

Nilipaswa kunyamaza. Badala yake nikatoka mpaka barabarani, nikamwambia wa kwanza niliyemwona, na wa pili, na katekista aliyekuwa anapita na baiskeli. Mtoto aliporudi alikuta wanawake wawili wanampigia vigelegele. Hakucheka. Akaniambia pole pole kwamba masomo yana uzito pia, hayalingani. Nikamwambia somo ni somo, kama ni manane ni manane. Baadaye sana alinieleza kwamba tangu matokeo yatoke hakuwa amepiga hesabu yenyewe, kwa sababu aliogopa.

Jumanne tukaenda Musoma. Pale Nyasho kuna mama mwenye steshenari, anachapa barua, anatoa kopi, anawajazia watu fomu za mtandaoni. Mimi nilienda kwa sababu nilitaka kuwepo. Nilivaa koti la kanisani. Mfukoni nilikuwa na punje zangu thelathini kwenye kikaratasi, na yule mama alipovuta kikokotoo nikazimwaga mezani kumwonyesha kwamba kazi imeshafanyika.

"Mzee, hapa hatupimi makande," akasema, akazisogeza kwa kiwiko. Watu waliokuwa wanasubiri kopi wakacheka, na mimi nikacheka.

Akaanza kubonyeza. Akamwomba mtoto amsomee kredit za kila somo. Nikauliza kredit ni za nini, akaniuliza kama nina ng'ombe. Nikasema wamebaki wawili. Akasema basi, mtamba na ndama dume wote ni ng'ombe, je, wanahesabika sawa kwenye mahari? Nikasema hapana. Akasema na masomo hivyo hivyo, haya mawili ya A ni ndama, kredit sita sita. Haya matano ya katikati ni kumi kumi. Halafu akaweka kidole kwenye ile C ya chini.

"Hii ndiyo mtamba mwenyewe. Kumi na nane."

Nikamwuliza mjukuu wangu hilo ni somo gani. Akatazama meza. Akasema, "Fildi, babu."

Kikokotoo kikatoa tatu nukta nne tano. Nilishangilia kidogo hapo, kwa sababu kutoka nne tano mpaka tano naona ni kitu kidogo. Sokoni Mwigobero ukinunua dagaa, mama muuzaji akishajaza kopo anatupia na kiganja kimoja juu, ndiyo nyongeza, hata usipoomba. Nikamwambia mama wa steshenari aweke nyongeza. Akasema chuo hakina nyongeza. Wanasoma tarakimu moja baada ya nukta, inayofuata wanaikata hata ikiwa tisa. Akatuonyesha chini ya karatasi ya matokeo, imechapwa kwa herufi ndogo ambazo mimi sikuziona na mtoto hakutaka kuziona: GPA 3.4.

Nikamwambia aandike tatu nukta tano. Ndiyo, nilisema hivyo, mbele ya watu, na koti la kanisani mwilini. Yule mama akajibu kwamba fomu inavuta matokeo moja kwa moja kutoka chuoni, ukidanganya inakurudisha, na jina linabaki huko likiwa limechafuka. Mjukuu wangu alikuwa ameshasimama. Aliokota punje zangu moja moja mezani, akanirudishia.

Hapa lazima nieleze ile C ilitoka wapi, maana haikutoka kichwani kwake.

Bibi yake alipofariki nilimpigia simu Bunda, akafika siku hiyo hiyo. Tukazika kesho yake. Asubuhi iliyofuata nikamwona amefunga begi. Akasema msimamizi kutoka chuoni anaweza kupita wiki hiyo kuwakagua, hawatoi taarifa, na asipomkuta maksi zinaondoka. Kwenye ukoo wetu, matanga yakifika siku ya nne wafiwa tunanyolewa nywele, na wa kwanza kunyolewa ni mjukuu aliyebeba jina la marehemu. Asipokuwepo huyo, wembe haushikwi, na watu wanakaa na msiba kichwani. Nikamwambia hawezi kuondoka. Akauliza kama anaweza kunyolewa siku hiyo hiyo, peke yake, aende. Wazee wenzangu wakanitazama, nikasema haiwezekani. Akasema basi aende kwa mtendaji wa kijiji achukue barua ya msiba aipeleke chuoni.

Nikamkatalia hata hiyo. Nilimwambia msiba hauandikiwi barua. Tangu lini mtu anaomba cheti cha kuthibitisha kwamba analia? Akifa mtu kwetu habari inakwenda yenyewe, na anayeisikia anaelewa kwa nini hupo kazini. Halafu nikasema neno ambalo sasa linaniamsha: "Kwani hilo fildi si somo moja tu kati ya manane?"

Akafungua begi. Siku ya tatu msimamizi alipita Bunda, akaambiwa mwanafunzi hayupo, akaandika hayupo. Siku ya nne tulimnyoa mtoto kwanza, kisha tukafuata wengine.

Kwa hiyo Jumatano, kesho ya siku ile ya steshenari, tulikuwa mlangoni kwa mtendaji kabla hajafungua ofisi. Akatuandikia barua ya msiba wa miezi mingi nyuma, ya kweli tupu, akapiga muhuri. Aliuliza kwa nini hatukuja wakati ule. Mjukuu wangu akasema, tulikuwa na mambo mengi. Alinisitiri, na kusitiriwa kule kuliniuma kuliko kama angenitaja.

Alhamisi tukaenda Bunda. Msimamizi yule yule alikuwepo, amekuja kukagua wanafunzi wengine kwenye ofisi ya mifugo. Kijana mpole, wa kuweza kuwa mwanangu wa mwisho. Aliniamkia, akaniletea kiti, yeye akakaa juu ya debe la dawa ya kuogeshea ng'ombe. Nilimwambia yote: mazishi, nywele, simu, barua niliyoikataza. Nilimwambia kama kuna adhabu anipe mimi. Nadhani nilipiga hata goti moja, au nilianza kulipiga, akanishika kiwiko.

Aliisoma barua mara mbili. Akasema ni barua nzuri, na kama angeipata ndani ya wiki ile angerudi kumkagua siku nyingine, maana amewahi kufanya hivyo kwa wengine. Sasa alama zimeshapita kwenye bodi ya chuo na muda wa rufaa umekwisha.

"Mzee wangu, huyu alikuwa mwanafunzi wangu bora," akasema. "Wafugaji wa huku bado wananiulizia yule binti wa sindano. Mimi niliandika nilichokikuta."

Nikamwuliza ingekuwa B tu, ingetosha? Akachukua kalamu, akapiga hesabu kwenye kona ya ile barua. Tatu nukta sita. Sijui kwa nini niliuliza.

Ijumaa mjukuu wangu akataka turudi Nyasho. Nilimwambia tunaenda kufanya nini, akasema anataka fomu yenyewe imkatae, asije akakaa miaka anafikiri pengine ingempokea. Njiani nilikuwa nafikiria mambo ya ovyo, kwamba nikiuza ng'ombe wote wawili na shamba la mihogo tutapata nusu mwaka, na baada ya nusu mwaka je. Nilifikiria kwenda kwa mapadre Nyegina kuomba, nikakumbuka nilishawaomba alipokuwa anaanza diploma, wakatoa. Nilifikiria kufa, maana pengine yatima wa babu naye ana fungu lake serikalini. Ni mawazo ya kijinga lakini niliyawaza, nikiwa nimekaa wima kabisa.

Mama wa steshenari hakututania siku hiyo. Akampisha mtoto kiti. Mtoto akaingiza namba yake ya mtihani, akabonyeza, tukasubiri. Mtandao ulikuwa mzito. Yakaja maandishi mekundu, nikamwomba anisomee, akanisomea kwa sauti ya kawaida, kama anayesoma maelekezo ya dawa: mwombaji hana sifa. Saa ya ukutani ilikuwa haijafika hata tisa. Saa nzima na zaidi bado ilibaki na haikuwa na kazi.

Tukatoka, tukakaa kwenye benchi la nje. Nikamwambia nisamehe. Nikamwambia kosa ni langu, niliifuata mila, na bibi yako angekasirika nikivunja utaratibu wa kunyoa kwenye matanga yake.

Akasema, "Babu, bibi alinikataza."

Nikamwuliza alimkataza nini.

"Alinipigia simu kabla hajazidiwa. Akasema, nikifa uko fildi, njoo unizike, kesho yake urudi kazini. Habari za nywele usizingoje, hata mtoto wa jirani anaweza kunyolewa kwanza, mimi sitakuwa naangalia."

Nikamwuliza mbona hakusema siku ile, mbele ya wazee, na begi likiwa limefungwa.

"Ningesema mngeamini? Mngesema namsingizia marehemu ili nikimbie msiba."

Nilitaka kusema hapana. Lakini nilijijua. Ningesema hivyo hivyo, tena kwa sauti kubwa, na wazee wangeitikia. Mke wangu alinijua kwa miaka yote ile, ndiyo maana yale maneno hakunipa mimi.

Sasa mtoto yuko Bunda, anauza dawa za mifugo kwenye duka la mtu. Anasimama kutwa, anawaeleza wafugaji kipimo, na wengine wanambishia kwa kuwa ni msichana. Ufadhili ulitangazwa tena mwaka uliofuata, kwa masharti yale yale, na GPA yake ni ile ile, haiongezeki kwa mtu kukaa. Hanisemeshi vibaya. Anatuma sukari, anauliza mguu wangu. Lakini utani umekwisha. Nikimwita mke wangu mdogo ananyamaza kidogo kwenye simu, halafu ananiuliza, "Unasemaje, babu?"