Babu Alipofumba Macho

Juzi, hospitalini Makandana, nilimwona mama mmoja akimlisha baba mkwe wake uji huku wakitaniana. Nikamkumbuka babu, nikacheka peke yangu.

Babu mzaa baba alihamia kwetu alipozeeka. Kwa mila yetu Wanyakyusa, mke hakutani na baba mkwe wake uso kwa uso, kwa hiyo mama alipika na mimi nikapeleka. Babu akitoka nje napiga kelele, "Babu huyooo!" Mama anatimkia migombani, kanga inapepea. Niliamini wanacheza kombolela, mchezo wetu wa kujificha. Raha iliyoje!

Mchana ule mvua ilikuwa imekatika, uani kunanukia udongo. Baba alikuwa barabarani akipakia ndizi kwenye malori ya Dar, ambayo ndiyo kwanza yalianza kuja. Babu akateleza, puu! Akabaki anaguna topeni.

"Mama! Babu kaanguka!"

Mama alitoka migombani mbio, akamwona, akasimama ghafla. Kisha akainama, akambeba mgongoni kama mtoto.

Babu akafumba macho, akayakaza kweli kweli.

"Babu anahesabu!" nilishangilia, nikirukaruka. "Mama, kajifiche!"

Mama hakujificha. Alimlaza kitandani taratibu, akamfunika blanketi, akatoka. Mlango uliposikika ukifungwa ndipo babu alipofumbua macho, yamejaa machozi, akanitazama mimi.

"Ndaga fijo," alisema kwa Kinyakyusa. Asante sana.

Nilivimba kichwa siku nzima kwa shukrani ile, mimi ambaye sikuwa nimembebea hata fimbo.