Pedali ya Kushoto

Tulimwita Mama Futi kwa sababu hata harusini kwa mwanawe alifika na futi ya kupimia shingoni, kaisahau. Alikuwa msimamizi wetu kwenye kiwanda cha kushona sare, cherehani ishirini na nne chini ya paa la bati. Mimi nilikaa ya tano, upande wa dirishani. Mama Futi alikuwa mkali wa mshono, mwepesi wa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomponza.

Jirani yangu wa cherehani ya sita tulimwita Fundi Kola. Kola ikipinda, shati zima limeharibika, na zake hazikupinda. Kisha ugonjwa wa sukari ukamshika mguu wa kulia, madaktari wakaukata chini ya goti. Baada ya miezi mitano alirudi na magongo mawili, amekonda, suruali imekunjwa na kubanwa kwa pini.

Mama Futi alimpokea kwa machozi. Akamwekea kiti chenye mto karibu na mlango, akampa mkasi mdogo wa kukatia nyuzi zinazobaki kwenye mashati. Kazi ya kukaa tu. Siku ya tatu Fundi Kola aliuweka mkasi chini.

"Dada, kilichokatwa ni mguu. Mikono mbona iko palepale?"

"Nilitaka upumzike, kaka."

"Umenipumzisha bila kuniuliza."

Cherehani zetu zikanyamaza moja baada ya nyingine. Nani ashone wakati maneno yamenoga? Mama Futi angeweza kuja juu, mkubwa ni mkubwa. Lakini alivuta kigoda, akakaa mbele yake, akatoa daftari.

"Haya, niambie. Kinachokushinda ni nini, tuanzie hapo?"

Fundi Kola akamweleza. Pedali iko kulia. Mafurushi ya vitambaa yamejaa njiani, gongo linanasa. Na kila Jumanne asubuhi lazima awe kliniki. Mengine yote anayaweza.

Makanika wa kiwanda alikuna kichwa, akalala chini ya meza nusu siku, akaihamishia pedali kushoto. Mafurushi tuliyapanga ukutani sisi wenyewe. Suala la Jumanne ndilo lililompeleka Mama Futi kwa meneja, na kwa kuwa mlango wa ofisi ile haufungi vizuri, tulisikia yote.

"Tukimfanyia huyu, kesho kila mtu atakuja na lake."

"Waje, bosi. Mtu akiniambia anachohitaji ili afanye kazi vizuri, mimi napungukiwa nini?"

Meneja alikubali kwa majaribio, mwezi mmoja: Jumanne aingie saa tano, afidie Jumatano na Alhamisi.

Wiki ya kwanza ilikuwa aibu. Mguu wa kushoto haukuwa na adabu. Cherehani ilikurupuka kama mbuzi aliyekata kamba. Kola ya kwanza ilijikunja hivi kwamba Fundi Kola mwenyewe aliivaa kichwani, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Mama Futi akamletea gunia la vipande vya vitambaa. "Haribu hivi kwanza." Akaharibu siku tisa. Siku ya kumi alinipitishia kola moja. Niliigeuza huku na huku, nikaitafuta kasoro kwa wivu wa jirani. Sikuiona.

Lililofuata hakuna aliyelitegemea. Mama wa vifungo, mtu mzima kuliko sisi wote, alimfuata Mama Futi akakiri kuwa jicho lake moja limeingia ukungu tangu mwaka uliopita. Alikuwa akificha asije akafukuzwa, na vidole vimejaa matundu ya sindano. Akapewa taa ya mezani na nafasi ya dirishani, yaani nafasi yangu. Nilinuna siku moja, basi.

Mwezi ulipokwisha, meneja hakuzungumzia tena majaribio. Alimwagiza Mama Futi akawafundishe wasimamizi wa viwanda vingine vya kampuni. Yeye, aliyeishia darasa la saba! Alikwenda na Fundi Kola, mimi nikabeba mashati ya kuonyesha. Watu thelathini, wengine na tai.

"Mimi nilianza kwa kukosea," alisema, akawasimulia habari za kiti chenye mto, Fundi Kola mwenyewe akiwa palepale anasikiliza.

Bwana mmoja akanyoosha mkono. "Nitajuaje mtu anahitaji nini? Mimi si daktari."

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, baba. Muulize anayekilalia. Kisha tenda. Na baada ya mwezi, muulize tena."

"Na msitulilie," akadakia Fundi Kola. "Tupeni kazi."

Chakula cha mchana Mama Futi hakukionja. Walimzingira kwenye korido: huyu ana mfanyakazi asiyesikia king'ora, yule ana mwenye maumivu ya mgongo, naye anawaonyesha kwa mikono urefu wa meza. Mimi nilisimama pembeni na mashati yangu, kifua kimenijaa utadhani nimemzaa.

Tuliporudi mtaani, mumewe, fundi wa baiskeli, alikuwa ameshawatangazia wateja wote, na wasio wateja pia: "Mke wangu anafundisha mameneja!" Mama Futi alimwambia aache majivuno. Sikumwona akimkazania sana.